Ndege ya Ng'ambo na Kikombe cha Nkunzimana

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe ishirini na nane, kwenye benchi lililo kando ya stendi ya zamani ya Kasulu, walikuwapo hawa. Marselino Ntibashigwa, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, fundi wa ndege mstaafu wa jeshi, ambaye mji mzima humwita Sajini ingawa alistaafu akiwa koplo. Bazilio Ruhuza, mtengeneza sufuria wa Murusi, aitwaye Mfuniko kwa sababu sufuria zake ni nzuri lakini hazijapata kufunikika. Badru Saady, aitwaye Forodha, ambaye hajaajiriwa na forodha hata siku moja, bali huwajazia watu fomu mpakani Manyovu. Khamisi Abdalah, kinyozi, kijana kuliko wote, aitwaye Redio, na sababu yake haihitaji kuelezwa. Kuruthumu binti Mussa, Mama Asmahani, mwenye birika na jiko. Na Nkunzimana Yoramu, dereva mstaafu wa lori, aitwaye Kimya. Huyu wa mwisho hakuwapo kwa mwili. Lakini desturi ya benchi lile ni kwamba aliye safarini huhesabiwa: kahawa yake humiminwa kila asubuhi, kikombe huwekwa mahali pake, na kikianza kupoa mmoja wao hukinywa kwa zamu. Mahali penyewe hapakaliwi na mtu. Na kwa Nkunzimana walikuwa na sababu ya ziada, kwa kuwa benchi zima ni ubao wa kando wa lori lake la zamani.

— Zamu ya nani leo? aliuliza Mama Asmahani, akikiweka kikombe cha Nkunzimana.

— Yangu, alisema Bazilio.

— Yako ilikuwa jana, alisema Badru.

— Jana nilikunywa yangu.

— Ulikunywa yako, ukanywa ya Kimya, ukamalizia na ya Redio alipokwenda kumnyoa mtu.

— Ilikuwa inapoa, Forodha. Nilimsaidia mwenzangu.

Marselino hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa vidole.

— Siku ishirini na mbili, alisema. Mtu kwenda kufungua skrubu nne, siku ishirini na mbili!

— Huyo si ndiye Kimya, alisema Redio. Mzee alipokuwa barabarani alikuwa anapitwa na baiskeli za mkaa. Baiskeli zinampigia kengele, yeye na lori lake anazipisha.

Skrubu zenyewe zilikuwa za ndege. Ng'ambo ya ziwa, kwenye uwanja mdogo uitwao Kamisanga, ilikuwa imelala ndege ya mizigo ya kijeshi, yenye injini mbili, iliyoachwa na wenyewe wakati wa vita na kumezwa na nyasi. Nkunzimana aliiona miaka ile alipokuwa akipeleka chakula cha msaada. Mkuu wa eneo lile alikuwa amechoka nayo. Aliandika barua kwamba atakayeiomba rasmi kabla ya mwezi kwisha ataichukua bure, na isipoombwa itakatwa vipande. Maombi yalitakiwa yafike kesho yake, Ijumaa, yakiwa na namba ya ndege, na namba ilikuwa kwenye kibao cha chuma kando ya mlango. Kwa miezi miwili benchi lote lilizungumza juu ya ndege hiyo. Nkunzimana alizungumza mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Ipo." Mara ya pili alisema, "Nitakwenda."

Marselino ndiye aliyeihitaji. Alikuwa na karakana ya kufundishia vijana, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewafundisha injini ya ndege kwa chaki, ubaoni, chini ya paa linalovuja.

— Mvua ikinyesha, injini inafutika, alipenda kusema. Nina vijana kumi na wanane ambao hawajaona propela isipokuwa ya chaki. Na jicho langu la kushoto limekwisha funga duka. La kulia likifunga, nani atawaonyesha?

Basi asubuhi ile Badru Forodha alikuwa hajanywa kahawa yake, jambo ambalo Mama Asmahani aliliona mapema.

— Wewe Badru una nini? Hata kashata hujagusa.

— Sina kitu, Mama Asmahani.

— Una kitu. Umekunja karatasi hiyo mara nne, umeikunjua mara tano.

Badru alikohoa. Aliikunjua karatasi mara ya sita.

— Sajini, alisema, wewe ulimwambia Kimya alete namba, au alete kibao?

— Kibao! Nilimfungia bisibisi na spana namba nane kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi siletewi maneno, naletewa chuma. Karakana nzima inajua. Ukitumwa dukani kununua bushi, unakwenda na bushi iliyokufa mkononi. Ukienda na namba kwenye karatasi utarudi na bomba la baiskeli.

— Hilo ni kweli, alisema Bazilio. Hata mimi mtu akitaka sufuria namwambia alete iliyotoboka.

— Sasa, alisema Badru, jana nimeisoma fomu upande wa nyuma.

— Kumbe ina upande wa nyuma?

— Inao. Na huko nyuma wanasema mkaguzi atakwenda kuikagua pale ilipo. Kibao akikute mahali pake, kwenye skrubu zake. Kikiwa kimetolewa, hiyo si ndege tena. Ni chuma chakavu.

Marselino alimwangalia Badru kwa jicho lake moja zima.

— Badru mwana wa Saady, alisema taratibu. Fomu hiyo unayo tangu lini?

— Tangu mwezi uliopita.

— Na upande wa nyuma umeuona jana?

— Sajini, nilikuwa nimefungia vitumbua humo.

— Mpigieni! Mpigieni Kimya sasa hivi!

Redio alikuwa amekwisha piga. Simu ilijibu kama ilivyojibu kwa siku tisa: mtu yule hapatikani. Alipiga tena. Akapiga kwa simu ya Bazilio, kama kwamba Nkunzimana aliikimbia ya kwake tu.

— Hapatikani.

— Basi tuombe, alisema Marselino. Tuombe awe hajafika.

— Sajini, si ulikuwa unamtukana kwa kuchelewa?

— Nilikosea! Mungu amzidishie uvivu. Awe amelala. Awe amekaa mahali anakunywa chai na wakwe zake. Awe amempisha hata konokono.

— Au awe ameisahau spana, alisema Bazilio.

— Ameisahau, tena bisibisi imedondoka ziwani, aliongeza Redio.

— Kimya hasahau kitu, alisema Mama Asmahani. Mwaka juzi aliondoka hapa na kikombe changu kwa bahati mbaya, akanirudishia kutoka Kibondo, kimeoshwa.

Hilo liliwavunja moyo wote. Bwana mmoja mwenye begi, aliyekuwa anasubiri gari la Kibondo, aliona nafasi kwenye benchi akataka kukaa.

— Pana mtu! walisema wote kwa pamoja, hata Mama Asmahani.

Bwana yule aliangalia nafasi, akaangalia kikombe, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara.

— Jamani, alisema Bazilio, mbona tunalia na mimi nipo? Kibao ni nini? Ni bati. Mimi nitakitengeneza kingine. Mnipe namba, naichonga kwenye kalibu, namimina, jioni mna kibao.

— Na mkaguzi akikiinua atakuta nyuma kimeandikwa "Sufuria za Ruhuza," alisema Redio.

— Hiyo ni kughushi, Mfuniko, alisema Marselino. Mimi nilivaa magwanda ya nchi hii. Sighushi.

— Ego, sawa, basi iwe chuma chakavu na mniachie mimi. Mnajua bawa moja la ndege linatoa sufuria ngapi? Mia tatu na arobaini. Nimepiga hesabu.

— Uliipimia wapi, na hujaiona?

— Nilimwuliza Kimya bawa lina urefu gani.

— Akasemaje?

— Akaangalia mbali. Mimi nikapima mpaka pale alipokuwa anaangalia.

Badru, ambaye aliona kosa lake limeanza kusahauliwa, alijiweka sawa.

— Tusipaniki. Njia zipo. Mzigo ukikosa namba unatafutiwa jina jingine. Tunaweza kuiingiza kama vyombo vya nyumbani. Familia inahama, ina vitanda, ina meza, ina kabati.

— Kabati lenye mabawa?

— Tunayavua. Tunasema ni milango.

— Na propela?

— Feni.

— Mbili?

— Nyumba kubwa ina feni mbili, Redio. Wewe umekulia chumba kimoja huwezi kujua.

— Oya, subirini, alisema Redio akisimama kabisa, maana alikuwa hawezi kufikiri amekaa. Mnahangaika bure. Hiyo ndege imetoka wapi?

— Ng'ambo.

— Kulikuwa na nini?

— Vita.

— Wenyewe wameitelekeza?

— Ndiyo.

— Ina karatasi?

— Ndiyo balaa lenyewe, haitakuwa na karatasi.

— Basi! Hiyo ni mkimbizi. Inafika mpakani inanyanyua mikono, inapelekwa kambini Nyarugusu, inaandikishwa.

Bazilio alikubali papo hapo.

— Familia ya watu wangapi?

— Injini mbili na magurudumu matatu.

— Watano. Watapewa hema.

— Haitatosha kwenye hema, alisema Mama Asmahani.

— Watapewa mahema mawili, mkia ukae kwenye lake. Na unga, na sabuni.

— Sabuni itaitaka, alisema Marselino kabla hajajizuia, maana kwa mawazo yake alikuwa amekwisha ifikisha karakana na kuanza kuiosha. Kisha akakasirika kwa kuwa ameingia mchezoni, akasema: Nyie mnacheza! Siku moja imebaki, na mnacheza!

— Sichezi, Sajini, nakutafutia njia, alisema Redio. Lakini ukweli niseme? Naogopa kitu kingine. Ile ni ndege ya jeshi la watu. Ikivuka mpaka bila kibao, kisheria ule ni uvamizi.

— Ikiwa juu ya tela?

— Hata ikiwa juu ya punda. Ndege ya vita imeingia nchini bila ruhusa. Kwa hiyo wewe Sajini utakuwa umeivamia Tanzania kupitia Manyovu. Ukiwa na pensheni yake mfukoni.

— Na mimi niliyejaza fomu? aliuliza Badru, uso umebadilika.

— Wewe ni mkuu wa majeshi ya mipango. Mfuniko ni mateka.

— Kwa nini mimi ndiye mateka?

— Kwa sababu utajisalimisha, tunakujua.

— Na nyuki je? aliuliza Mama Asmahani.

Wote walimgeukia.

— Si Kimya alituma ujumbe siku zile kwamba ameambiwa nyuki wamo ndani ya ile ndege? Sasa mimi nauliza. Wale nyuki wa nchi ile wakiingia hapa wakapanda kwenda mizinga ya watu kule Busunzu, asali ya Kibondo itakuwa ya nani?

— Nyuki ni mifugo, alisema Badru kwa unyonge. Kuna kibali chake. Lakini fomu hiyo sijaiona hata mbele.

Kikombe cha Nkunzimana kilikuwa kimeanza kupoa. Bazilio alinyoosha mkono, Badru akaupiga, na walipokuwa hapo mikono yao ikiwa hewani mwanamke mmoja alisimama mbele ya benchi. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, kitenge chake kina vumbi jekundu mpaka kiunoni, na alikuwa amekumbatia kifurushi.

— Mwaramutse, alisalimu. Niko natafuta Marselino Ntibashigwa.

Hakuna aliyemwita Marselino kwa majina yote mawili tangu alipoacha jeshi. Alisimama wima bila kujua kwamba amesimama.

— Ndiye mimi.

— Mimi ni Ange Ininahazwe. Nimetoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Mama yangu ni dada yake Nkunzimana.

— Mpwa wa Kimya! alipiga kelele Redio. Karibu, dada! Mama Asmahani, kahawa!

— Nimekuja kuwaambia...

— Kwanza pumzika, alisema Mama Asmahani. Umepanda magari mangapi, mwanangu?

— Matatu. Mama, nimekuja...

— Kimya kakutanguliza wewe, alisema Badru. Yeye atafika kesho kutwa, nyuma ya konokono.

Ange alitaka kukaa. Aliona nafasi moja tu.

— Hapa pana mtu?

— Pana, walisema, safari hii kwa upole. Na Bazilio akamweleza desturi: kwamba pale ni pa mjomba wake, na kikombe kile ni chake, na msafiri wao humiminiwa kila siku. Ange alikiangalia kikombe kwa muda mrefu. Redio alimletea ndoo, akaigeuza, na yeye akakaa juu yake.

— Amenipa hiki, alisema, akamkabidhi Marselino kifurushi.

Marselino alikipokea kwa mikono miwili, na mikono ikashuka kidogo. Kilikuwa kizito.

— Ni chuma, alisema.

Bazilio alivua kofia yake.

— Ni chuma, alisema tena Marselino. Amekifungua. Nilimwambia alete chuma, naye ameleta chuma. Mtu wa pekee katika mji huu mzima anayefanya anachoambiwa, nami ndiye niliyemtuma.

— Fungua, Sajini, alisema Badru. Pengine kuna dawa.

— Dawa gani? Wewe na vitumbua vyako!

Vidole vyake vilikuwa vimefungua nati ndogo kuliko punje ya mtama, lakini fundo lile la kitenge lilimshinda. Mama Asmahani ndiye aliyelifungua. Ndani mlikuwa na karatasi ya mafuta, na ndani ya karatasi ya mafuta mlikuwa na bisibisi na spana namba nane, zimefungwa kwa kamba ile ile ya Marselino, na fundo la Marselino halijaguswa. Chini yake palikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili.

Badru aliikunjua. Nusu ya karatasi ilikuwa imepakwa weusi wa penseli. Mtu alikuwa ameilaza juu ya kibao na kuisugua polepole, bila haraka yoyote, mpaka herufi na tarakimu zote zikatokea nyeupe, pamoja na vichwa vinne vya skrubu kwenye pembe nne, kila kimoja na mfuo wake. Upande wa chini palikuwa na maneno, na Badru akayasoma kwa sauti.

— "Sajini. Kibao kipo mahali pake. Skrubu zina kutu lakini zimeshika. Sikuona sababu ya kukitoa, kwa maana ndege bado si yetu. Nyuki wamo kwenye injini ya kulia. Ya kushoto nimeizungusha propela kwa mkono, imezunguka."

— Soma hapo mwisho tena, alisema Marselino.

— "Imezunguka."

— Tena.

— "Imezunguka," Sajini!

Benchi lililipuka. Redio alipiga ngoma kwenye ubao, birika likaruka. Bazilio alimkumbatia Badru, akamsamehe mbele ya watu mambo ambayo Badru hakuwa amemkosea. Bwana wa begi alivuka barabara kuja kuuliza nani ameshinda. Badru alikuwa amekwisha toa kalamu na kuiandika namba kwenye fomu, mbele na nyuma, akiapa kwamba leo hii hii ataipeleka kwa mkono wake hata kwa kutembea.

Marselino alikaa chini. Karatasi ilikuwa juu ya goti lake, na kwa kidole kimoja alikuwa akifuata ukingo wa kibao, skrubu moja hadi nyingine, kama anavyowafundisha vijana kukagua.

— Ameniasi, alisema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ameasi amri, na tazama alivyoasi. Propela imezunguka! Binti, mwambie mjomba wako leo simtukani. Mwambie kuanzia leo mtu wa karakana yangu ataleta karatasi ya penseli, na chuma atakiacha kilipo. Mama Asmahani, mmiminie Kimya nyingine, hiyo imepoa!

— Zamu yangu, alisema Bazilio.

— Leo hakuna zamu. Leo kikombe chake kisiguswe, akija akikute.

Mama Asmahani alimwaga ile iliyopoa, akamimina ya moto. Mvuke ukapanda. Ange alikuwa bado amekaa juu ya ndoo, hajagusa kahawa yake, na kelele zilipopungua aliuliza kwa sauti ya chini, kama mgeni anayetaka kujua mambo ya watu asije akakosea.

— Na msafiri asiporudi, kikombe chake mnakinywa au mnakimwaga?

Walitazamana. Desturi ile ilikuwa na miaka kumi na minne, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza. Badru aliangalia fomu yake, mbele na nyuma. Marselino aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi.

— Nkunzimana yuko wapi? aliuliza.

Ange alisema Nkunzimana Yoramu alifariki Uvira, Jumatatu tarehe ishirini na tano, saa nne asubuhi, kwa malaria, na alizikwa siku ile ile.